Kabla hujapanda parachichi, uliza ukoo wake

Mwaka nilioanza kulima parachichi nilikuwa na miche 30 na kiburi cha kujaza shamba zima. Shamba lenyewe lipo kwenye mteremko huku Rungwe, si mbali na Tukuyu, mahali palipokuwa na migomba ya wazee. Miche ilikuwa ya kubebesha, aina ya Hass, na mwenye kitalu alinipa onyo moja tu: "Angalia lile kovu." Nikaitikia. Sikuuliza kovu la nini.

Mwezi wa tatu mbuzi waliingia, wakala vichwa vya miche minne. Niliumia, lakini baada ya wiki chache ile minne ikachipua upya kutoka chini, tena kwa nguvu kuliko mizima. Nikaisifia, nikaiongezea samadi. Ilipoanza kuzaa, ikatoa matunda marefu, laini, ya kijani, makubwa hasa. Mnunuzi akaja na kreti zake. Akachukua moja, akalibana kwa dole gumba, akaligeuza, akalirudisha chini taratibu kama mtu anayerudisha kikombe kilichopasuka. "Baba, hii siyo Hass."

Alikuwa sahihi. Mche wa kubebesha ni miti miwili iliyounganishwa: chini ni mche wa kienyeji uliooteshwa kwa mbegu, juu ni kikonyo, yaani kitawi kilichokatwa kwenye mti wa Hass. Kovu ni pale vilipoungana. Mbuzi walikula Hass yote, na kilichochipua chini ya kovu kilikuwa kienyeji kitupu. Miaka minne nilikuwa nalea kienyeji nikidhani ni Hass. Kwa hiyo ushauri wa kwanza ndio huo: chipukizi lolote linalotokea chini ya kovu, litoe kwa mkono likiwa bado changa, hata likipendeza vipi. Na unapopanda, usilifukie kovu.

Baada ya aibu ile nikaanza kusoma habari za ukoo wa huu mti. Zamani niliona majina ya kisayansi ni ya kukaririwa darasani na kusahauliwa baada ya mtihani. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753 aliuweka mparachichi kwenye jenasi ya Laurus. Mwaka 1768 Philip Miller, mtunza bustani wa Uingereza, akauita Persea americana, jina linalotumika mpaka leo. Familia yake ni Lauraceae, na humo ndugu zake ni mdalasini na ule mkulo wa misitu ya milimani unaopendwa kwa mbao. Wenzetu wa Zanzibar huliita tunda hili embe mafuta, jina tamu, ila mwembe hauna undugu nalo. Ndugu wa mwembe ni mkorosho.

Ndani ya spishi hiyo moja kuna koo tatu, na hapa ndipo mkulima anapopata faida ya kusoma. Ukoo wa Mexico ulitoka milimani: matunda madogo, ngozi nyembamba, mafuta mengi, unavumilia baridi, na majani yake ukiyafikicha hutoa harufu kama ya bizari tamu. Ukoo wa Guatemala nao ni wa nyanda za juu, ngozi yake nene yenye vipele. Wa tatu, unaoitwa wa Karibi, ni wa mabonde ya joto: tunda kubwa, ngozi laini, mafuta kidogo, maji mengi. Koo zote tatu huzaana bila shida. Hass ina damu ya Guatemala iliyochanganyika na ya Mexico, na Fuerte, aina nyingine ya parachichi, ni chotara wa koo hizohizo mbili. Ndiyo maana zinapenda ubaridi wa Tukuyu na Njombe. Shemeji yangu wa Kyela, kule chini karibu na Ziwa Nyasa, aliponiomba miche ya Hass nilimwambia atafute kwanza aina zenye damu ya Karibi, asipambane na joto bure. Alininunia kidogo.

Sasa kuhusu mbegu. Kuna watu wanakula Hass tamu, wanaotesha kokwa, wanangoja Hass. Haitakuja. Mti uliotoka kwenye kokwa ni mtoto, nao una baba na mama. Unaweza kuwa mzuri au mbaya, lakini hautakuwa nakala ya mzazi wake. Hass yenyewe ilizaliwa hivyo, kwa bahati. Rudolph Hass, mfanyakazi wa posta kule California, alijaribu kubebesha Fuerte kwenye mche ulioota kwa mbegu, ikakataa kushika. Akauacha mche ukue wenyewe, nao ukazaa tunda jipya, akalisajili mwaka 1935. Kila Hass iliyopo shambani kwangu ni kipande cha mwili wa mti ule mmoja, kimehamishwa kutoka kikonyo hadi kikonyo. Mti mama wenyewe ulikufa mwaka 2002 kwa kuoza mizizi.

Ugonjwa huo tunao hapa hapa. Kisababishi chake kinaitwa Phytophthora cinnamomi, na hilo neno la mwisho ni mdalasini: kilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1922 kwenye midalasini ya Sumatra. Si ndugu peke yao kinaowashambulia, kinaua mimea ya kila namna. Kinapenda udongo uliotuama maji, na mvua za Rungwe tunazijua. Mimi mashimo yangu ya mwanzo yalikuwa kama masufuria, nikapoteza miche mitatu. Siku hizi napanda juu ya kituta, na pale bondeni penye maji nimewaachia magimbi.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu, nililiona kwa macho, ni ua. Msimu mmoja nilichukua kigoda nikakaa chini ya Hass asubuhi. Ua ni dogo, la kijani-njano, lina petali sita. Asubuhi ile lilikuwa wazi, kijiti cha katikati kimesimama, tayari kupokea chavua, huku stameni zote tisa, vile vijiti vya kiume vyenye chavua, zimelala pembeni. Mchana likafunga. Kesho yake alasiri ua lilelile likafunguka tena, safari hii stameni zimesimama na chavua inamwagika. Jana jike, leo dume! Aina zenye ratiba hiyo huitwa kundi A. Fuerte ni kundi B, inafanya kinyume: jike alasiri, dume asubuhi ya pili. Kwa hiyo asubuhi Hass inapokuwa jike, Fuerte ya jirani inakuwa dume. Hass hujitosheleza kwa kiasi, hasa ubaridi wetu unapovuruga ratiba ya maua, lakini mama mmoja jirani yangu mwenye Fuerte chache na mizinga miwili ya nyuki anavuna vizuri kuliko mimi, na tulianza naye pamoja. Mwaka huu nimepanda Fuerte tatu mpakani. Na dawa ya wadudu sipigi tena wakati wa maua.

Ile miti minne ya mbuzi? Mitatu niliikata kisiki, nikaibebesha Hass upya. Miwili imeshika, mmoja umegoma mara mbili na kikonyo cha tatu nimekifunga juzi. Wa nne nimekatazwa kuugusa. Mama watoto anasema tunda lake moja linatosha ndizi za watu watano.