Maswali yenu: gitaa, theluji na koti la Karume

Tangu niandike hapa kwamba bendi yetu imerudi salama kutoka Ulaya, simu yangu haipumziki. Tulikuwa huko wiki sita, kuanzia Novemba hadi wiki moja kabla ya Krismasi, tukipiga Hamburg, Berlin, Stockholm, Helsinki na miji midogo ambayo majina yake mpiga besi wetu bado anayatamka kama anatafuna muhogo mbichi. Nimejibu maswali niliyoyaweza. Ya kuomba nauli nimeyaweka pembeni. Naandika nikiwa Kinondoni, umeme umekatika, feni imesimama na shati limenigandia mgongoni, kwa hiyo nikitaja baridi mniamini tu.

Shikamoo mzee. Hiyo baridi ikoje hasa? Mimi nimekaa Njombe miaka miwili, naona watu wanaikuza. (Msomaji, Tabata)

Marahaba. Njombe siibezi, na Makete nimeona majani yameganda asubuhi kama yamemwagiwa chumvi. Ila Njombe jua likitoka mnaelewana. Helsinki tulikuta nyuzi 14 chini ya sifuri, na saa sita mchana ilikuwa hivyo hivyo. Ukivuta pumzi, vinyweleo vya puani vinakakamaa.

Hata hivyo kilichonivuruga mimi si baridi, ni saa. Sisi tunaita saa moja kwa sababu jua ndiyo kwanza limetoka. Kule, mapema Desemba, jua linachomoza kama saa tatu na dakika kumi asubuhi, na saa tisa na robo alasiri limeshazama. Saa moja asubuhi ni usiku, saa mbili ni usiku, saa tatu ndiyo unaanza kuuona mtaa. Mpiga tumba wetu aliamka, akachungulia dirishani, akaona giza, akarudi kulala. Tulimkuta bado yuko blanketini wakati gari linanguruma nje. Mwimbaji wetu, ambaye hakosi swala, alihesabu adhuhuri, alasiri na magharibi zikaangukia ndani ya muda wa saa tatu tu. Alisema hajawahi kutawadha kwa haraka vile maishani mwake.

Mkubwa, mimi ni mpiga gitaa, naondoka Februari. Nasikia baridi inaua gitaa. Kweli au maneno ya watu? (Msomaji, Mbagala)

Kweli, lakini muuaji si theluji. Ni hita.

Hewa ya baridi haibebi maji mengi. Ikiingizwa ndani na kupashwa moto inakuwa kavu kupita kiasi, na mbao inaanza kutoa unyevu wake. Gitaa lako limezoea Dar, ambako unyevu wa hewa ni asilimia 70 au 80. Mafundi wanaotengeneza magitaa wanapenda uwe kati ya 45 na 55. Chumba cha hoteli chenye hita iliyowaka usiku kucha kinaweza kushuka chini ya 30. Siku ya nne Hamburg nilisikia kitu kinanikwaruza kiganja kila nikipanda shingo ya gitaa. Kutazama, ncha za freti, vile vyuma vya kwenye shingo, zimetokeza pembeni. Chuma hakikurefuka, shingo ndiyo iliyosinyaa. Nilimaliza onyesho kidole gumba kinatoka damu kidogo, watu wanadhani ni hisia za muziki.

Dawa yake ni rahisi. Gitaa likae ndani ya kasha muda wote usipolipiga. Chukua kisanduku cha sabuni cha plastiki, kitoboe matundu, weka kipande cha sifongo kilicholoweshwa na kukamuliwa vizuri, kisha kiweke ndani ya kasha. Na ukifika ukumbini kutoka nje, usilifungue kasha kwa pupa. Liache dakika 40, hata saa nzima. Ukilifungua papo hapo rangi yake inaweza kupasuka, na umande utalijaa kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji.

Sasa tyuni, yaani kulinganisha sauti za vyombo. Hapa ndipo tulipoaibika. Stockholm tulityuni kwenye korido ya nyuma ya jukwaa, korido ina baridi ya kutosha kuhifadhia samaki. Waya ukipoa unajikaza, sauti inapanda, nasi tukaulegeza mpaka ukakubali. Vyombo vya kupuliza vina mambo yao: sauti husafiri kama mita 331 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi sifuri, na karibu 349 ikiwa nyuzi 30, hivyo hewa iliyomo ndani ya saksafoni ikipoa, noti inashuka. Tukapanda jukwaani chini ya taa kali. Magitaa yakapata joto, waya ukatanuka, tukashuka. Saksafoni ikapata joto, ikapanda. Wimbo wa kwanza tulikuwa kama ndugu wanaogombea shamba. Tangu siku ile tunatyuni jukwaani kwenyewe, taa zikiwa zimewaka, na wapulizaji wanapuliza pumzi tupu dakika kadhaa kwanza.

Ngoma za ngozi ndizo zilinichekesha. Huku nyumbani mpigaji anaziotesha moto ili zikaze. Kule zilijikaza zenyewe kwa ukavu wa ukumbi, zikalia kama debe, mpaka mwenzetu akawa anazipitishia kitambaa chenye maji kidogo kila baada ya nyimbo mbili.

Na hili nakupa bure. Berlin tulipiga pamoja na dada mmoja wa klarineti. Kabla ya onyesho alikuwa amekumbatia kipande cha klarineti chini ya kwapa, ndani ya sweta, kama anapima homa. Nikamuuliza. Akasema ukipuliza pumzi ya moto ndani wakati mti wa nje una baridi, unapasuka. Mti gani? Mpingo! Huu huu wetu, unaovunwa Kilwa na huko kusini. Nikamwambia miaka mingi wazee wetu wameuchonga vinyago, wala hakuna aliyewahi kuukumbatia hivyo.

Koti mlinunua wapi na kwa bei gani? (Msomaji, Ukonga)

Karume, Ilala, kwenye mitumba. Nenda mapema asubuhi siku wanapofungua marobota. Makoti mazito hayana wateja Dar, wanunuzi wake ni wafanyabiashara wanaopeleka Nyanda za Juu, kwa hiyo bei inashuka ukijua kuondoka kama umekasirika. La kwangu lilikuwa la bluu, limejaa manyoya ya bata ndani. Mfukoni nilikuta tiketi ya treni ya Kijerumani. Yaani lilitoka kwao, likaja kwetu kwa meli, nami nikalirudisha kwa ndege. Huko Hamburg hakuna aliyeligundua.

Viatu msinunue kwa macho, tazameni soli. Inatakiwa raba laini yenye meno. Kwenye barafu tembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani kwenye tope la Jangwani: hatua fupi, magoti yamelegea, mikono nje ya mifuko. Mpiga besi alitia mikono mfukoni. Akaenda chini na besi mgongoni.

Plagi zetu za pini tatu zinaingia kule? (Msomaji, Gongo la Mboto)

Haziingii, zao zina pini mbili za duara. Umeme wenyewe ni volti 230 kama wetu, hivyo adapta tu inatosha. Beba tatu, moja itaibiwa na mwenzako.

Kaka, wazungu wanacheza au wanatazama tu? Na wanaelewa nini kama mnaimba Kiswahili? (Dada wa Sinza)

Dada, usiku wa kwanza nilidhani tumeletwa kwenye hitima. Watu wamevua makoti wakayakabidhi mlangoni, wamekaa kwenye viti kwa mistari, hakuna hata anayekohoa. Hapa kwetu sebene likianza kabla hujafika noti ya nane kuna mtu ameshakuja mbele kukutunza, noti ya elfu tano inakuangukia kwenye paji la uso. Kule unamaliza wimbo, kimya kidogo, ndipo yanakuja makofi. Wanapiga kweli, mpaka wanatwanga sakafu kwa miguu, na hawakuachii mpaka umerudi mara mbili au tatu.

Nilichojifunza ni kwamba kimya chao si baridi. Helsinki baada ya onyesho mama mmoja mtu mzima alinijia, akaniuliza kwa Kiingereza cha kujikongoja kwa nini kwenye wimbo wa nne gitaa la ridhimu liliingia mapema. Alikuwa sahihi! Kijana alikosea. Dar watu wangekuwa kwenye kucheza, kosa lingepita. Kesho yake tulifanya mazoezi saa mbili zaidi.

Lugha isikutishe. Hayati Hukwe Zawose aliimba Kigogo, zeze na ilimba (ile marimba ya vidole ya Wagogo) mkononi, akajaza kumbi za nje miaka na miaka. Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005 akiimba taarabu ya Kiunguja vile vile alivyoimba kwao. Waliokuwa wanasikiliza hawakuhitaji kamusi. Ila semeni neno moja au mawili kabla ya wimbo, mwambie tu ni wa harusi au wa deni. Wimbo wetu wa deni ndio ulioombwa kurudiwa.

Promota kanipa ofa ya yuro 400 kwa onyesho, anasema niende na viza ya kutembea, mengine atamalizia kule. Nifanyeje? (Msomaji, Kigamboni)

Kimbia. Nasema hivyo kwa sababu safari yetu ya kwanza, miaka mingi nyuma, tulimwamini mtu wa namna hiyo. Jina lake namwachia Mungu. Nusu ya malipo ilikuwa "baada ya onyesho la mwisho," na baada ya onyesho la mwisho simu yake haikupatikana tena. Tulilala siku mbili kwa Mtanzania mmoja msamaria, watu saba, chumba kimoja na hita moja.

Viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, ya muda mfupi ni siku 90 ndani ya kila siku 180. Ada yake ni yuro 90 tangu Juni 2024, na wakikunyima hairudi. Wanataka bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000. Unaomba kwenye ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na ufanye hivyo mapema, si wiki moja kabla. Halafu hili wengi hawalijui: viza kuwa kwenye pasipoti si lazima iwe ruhusa ya kulipwa. Kila nchi ina sheria yake ya kazi, kwa hiyo mwalikaji aandike kwenye barua wazi kwamba mnakuja kupiga muziki, wapi, lini, kwa malipo gani, na athibitishe kibali kinachohitajika. Uingereza iko nje ya Schengen, ina viza yake. Na kabla ya yote pitieni BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, mchukue kibali cha kwenda kutumbuiza nje.

Kuhusu hizo 400, uliza: ni kabla au baada ya kodi? Ujerumani wanakata kodi ya msanii wa kigeni pale pale, asilimia 15 na nyongeza yake, jumla 15.825. Malipo yasiyozidi yuro 250 kwa msanii kwa onyesho hayakatwi. Uswidi ni asilimia 15. Kwa 400 ya Ujerumani utapokea kama 337. Sasa toa chakula, toa usafiri kama hajaulipa yeye. Mimi niliporudi, baada ya wiki sita, nilichobaki nacho kilitosha ada ya watoto muhula mmoja na seti mbili za nyuzi. Wenye kudhani nimejenga, karibuni Kinondoni mwone.

Mke wangu ananifungia dawa za kifua mfuko mzima. Inatosha? (Msomaji, Temeke)

Mshukuru shemeji, ila kuna la muhimu zaidi. Siku ya tisa, mwenzetu mmoja alianza kutetemeka. Wote tukasema baridi. Hospitali wakasema mafua makali, msimu wake, apumzike anywe maji. Jioni homa ikarudi kwa kishindo, na ndipo mwimbaji wetu akakumbuka: huyu katoka Kilosa kabla ya safari! Tulirudi tukasisitiza apimwe malaria. Ilikuwa malaria, na alilazwa siku tatu. Daktari wa kule anaweza kukaa mwaka mzima bila kumwona mgonjwa wa malaria, hasemi uongo akikuambia mafua. Wewe ndiye umwambie umetoka wapi, tena mwanzoni kabisa. Homa yoyote ukiwa kule, ipimwe.

Na ubebe mafuta ya mgando. Ngozi ya vidole inapasuka, na mpiga gitaa mwenye kidole kilichopasuka ni abiria tu.

Ugali upo? (Msomaji, Manzese)

Kuna unga wa mahindi wa Kiitaliano, polenta, wa njano. Wenye umri wangu watakumbuka ule unga wa njano wa msaada tuliouita Yanga. Unasongeka. Nyama na maziwa kutoka huku usibebe, watakunyang'anya uwanjani. Dagaa tulipita nao bila tatizo. Tuliwakaanga kwenye jiko la chumbani, na asubuhi yake mtu wa mapokezi akagonga na kuuliza kwa adabu sana kama kuna kitu kimekufa humo ndani.

Mzee, lile koti unauza? (Msomaji, Mbagala, yule yule wa gitaa)

Siuzi, naazima. Kwa sasa analo mpuliza tarumbeta wa bendi nyingine, anarudi tarehe za mwisho za Januari. Baada yake ni zamu yako. Zipu ina tabia, ukifika katikati ishikilie kwa chini ndipo uvute. Tiketi ya treni nimeiacha mfukoni.