Ukifika In-N-Out, Usiagize Kama Nilivyoagiza Mimi

Mdogo wangu anaishi Los Angeles, huu ni mwaka wa saba, na hapigi simu bila kunitajia baga. Si baga yoyote, ni ya migahawa ya In-N-Out. "Dada, ukija huku, kabla hata hujaoga tunapitia pale." Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekua na mihogo ya kuchoma na mishikaki ya jioni, na baga kwangu ilikuwa kitu unachokula ukikosa chakula. Nilipokwenda kumtembelea nikala pale mara kadhaa ndani ya wiki tatu. Ya kwanza niliila vibaya, zilizofuata vizuri, na nyama ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni maneno yangu pale kaunta.

Kwanza ujue unaingia nyumba ya namna gani. In-N-Out ilianzishwa mwaka 1948 na mume na mke, Harry na Esther Snyder, huko Baldwin Park, mashariki ya Los Angeles. Kilikuwa kibanda kidogo, na ujanja wao ulikuwa kipaza sauti: dereva anaagiza akiwa ndani ya gari, jikoni wanamsikia, anasogea dirishani kuchukua chakula chake na kuondoka. Hadi leo kampuni ni ya familia, anaiongoza mjukuu wao, Lynsi Snyder, na hawamuuzii mtu leseni ya kufungua tawi. Kwa hiyo usikae ukisubiri wafungue Mlimani City au Westlands. Hata ndani ya Marekani yenyewe wamejaa zaidi magharibi, na California ndiyo nyumbani kwao. Ukiwa na ndugu New York, naye atakuwa anaisikia tu kama wewe.

Kosa langu la kwanza nililifanya mbele ya ubao wa chakula. Nilisimama pale natafuta kuku. Hakuna kuku. Hakuna samaki, hakuna nyama ya nguruwe, hakuna kifungua kinywa. Kuna baga ya kawaida, baga yenye jibini, Double-Double ambayo ni nyama mbili na jibini mbili, kuna chipsi, soda, na milksheki ya chokoleti, vanila au stroberi. Ubao mzima unausoma kwa pumzi moja. Mimi nimezoea migahawa ya kwetu yenye kitabu cha kurasa nane, halafu mhudumu anakwambia vilivyopo leo ni wali maharage na chipsi kuku. Hawa wamefanya kinyume: vitu vichache, na vyote vipo.

Basi nikaona, kama ni hivyo, nitaagiza cha kawaida. Kijana wa kaunta, kofia nyeupe kichwani na aproni nyekundu kiunoni, akaniuliza, "Vitunguu?" Nikasema hapana. Jioni ile tulikuwa na ugeni, sikutaka kwenda kusalimiana na watu nikinuka kitunguu kibichi. Nikapokea baga safi: mkate laini, nyanya mbichi, majani ya saladi yanayolia chini ya jino, nyama, jibini, na ile sosi yao ya rangi ya pinki. Nzuri, lakini nilipoimaliza nilimtazama mdogo wangu nikajiuliza ni hiki ndicho umenisumbulia miaka saba? Akacheka mpaka soda ikamtoka puani. "Umekataa vitunguu, Dada. Sasa umekula nini?"

Tukae hapo kwenye vitunguu, maana ndipo penyewe. Anayepika pilau hahitaji kuelezwa kwamba kitunguu kibichi na kitunguu kilichogeuka rangi ya kahawia ni vitu viwili tofauti, kama vile mtu na mjomba wake. Pale ukisema tu ndiyo, utawekewa kipande cha duara, kibichi. Ukisema unataka vya kukaangwa, wanakuwekea vilivyokatwakatwa na kupikwa juu ya chuma mpaka vikalainika na kuwa vitamu. Na ukisema "Animal Style", jina walilolianza mwaka 1961, nyama yenyewe inapakwa haradali wakati inaiva, inaongezwa sosi, achari ya matango, na rundo la vile vitunguu vya kahawia. Ubaoni hutaliona jina hilo. Wateja waliambiana kwa mdomo miaka na miaka, mpaka leo kila mtu anaijua "siri" hiyo na kampuni yenyewe imeiandika kwenye tovuti yake. Usione haya kuisema. Hakuna atakayekushangaa, hata ukiitamka kwa lafudhi ya Pangani kama mimi.

Siku nne baadaye nilirudi nikaagiza hivyo. Sikuzungumza mpaka nilipomaliza, na wanaonijua wanaelewa maana yake.

Jambo la pili kwa ulimi wa kwetu ni pilipili. Mezani hakuna chupa ya pilipili wala bakuli la kachumbari, na usipouliza utakula chakula chako kikiwa kimya kabisa. Uliza. Wana pilipili ndogo za manjano zilizolowekwa kwenye siki, hazina malipo. Unaweza kupewa pembeni ukazing'ata moja moja, au ukaomba zikatwekatwe na kuwekwa ndani ya baga. Mimi napenda ndani. Ukali wake si wa pilipili kichaa, usijidanganye, ila ule uchachu unaikata mafuta ya jibini vizuri sana.

Chipsi sasa. Hapa utasikia ugomvi hata kati ya Wamarekani wenyewe. Viazi vinamenywa na kukatwa palepale mgahawani. Ukisimama karibu na jiko utamwona mtu anakandamiza kiazi kwenye kikatio na vipande vinadondoka chini, kisha vinaingia kwenye mafuta ya alizeti. Kwa sababu hazikugandishwa kiwandani, zinakuja nyembamba, laini, zenye ladha ya kiazi hasa. Anayetaka chipsi kavu zinazovunjika hatazipenda, na anayetaka chipsi za mtaani za Dar, nene, zenye moshi na tomato ya kibandani, naye ataona kitu kimepungua. Waambie unazitaka "well done", wataziacha zaidi kwenye mafuta, zitakuja na rangi na ukavu wa kutosha. Halafu zianze hizo kabla ya baga, maana zinapoa haraka. Zipo pia za Animal Style, zimemwagiwa jibini, sosi na vitunguu, zinaliwa kwa uma. Agizeni moja kwa watu wawili. Mtu mmoja akiimaliza peke yake, siku hiyo asipangiwe kazi nyingine.

Sasa nikwambie kosa langu kubwa kuliko yote, nalo nililifanya kwa moyo mwema. Mdogo wangu ana marafiki Waswahili wanaokutana kila mwezi nyumbani kwa mmoja wao, mwendo wa saa nzima kwa gari. Nikasema mimi mgeni siwezi kwenda mikono mitupu. Nikanunua baga nane na chipsi zake, nikazifunga vizuri kwenye mifuko, nikaikunja midomo ya mifuko kabisa ili joto lisitoke. Foleni ya barabara ya 405 ikatushika. Tulipofika na kufungua, mvuke ulikuwa umeshafanya kazi yake: mkate umelowa, saladi imelala, chipsi zimeshikana kama tambi. Wenyeji walikula kwa adabu. Mama mmoja wa Bukoba alisema, "Aa, tamu sana mwanangu," akaenda kujipakulia ndizi. Waliopika hawana lawama hapo, lawama ni yangu. Chakula kile kimetengenezwa kuliwa dakika ileile. Kama ni lazima ubebe, acha mifuko wazi, omba sosi iwekwe kando, na chipsi zisahau.

Ukiwa na gari utaambiwa ni rahisi kuagiza bila kushuka. Ni kweli, ila foleni ya magari wakati mwingine inatoka nje ya uwanja mpaka barabarani. Usikate tamaa ukiiona, kwa sababu wafanyakazi hutembea kati ya magari na vishikwambi mkononi wakichukua oda kabla hujafika dirishani. Watakuuliza kama mtakula ndani ya gari. Mkikubali, mnapewa chakula kwenye kisanduku kilicho wazi, siyo kwenye mfuko. Kubalini, hata kama mnakwenda kuegesha mbele kidogo. Na kama saa unaichagua mwenyewe, nenda saa nne na nusu asubuhi wanapofungua, au saa tisa alasiri. Saa sita mchana na saa moja jioni ni vita.

Kwa Waislamu wenzangu, hili nililiuliza kwa niaba yenu na kwa niaba ya shemeji yangu, mtu wa Mombasa ambaye hacheki na jambo hili. Ng'ombe ndiyo nyama pekee iliyopo na nguruwe hawauzi kabisa, lakini haitangazwi kuwa ya halali. Kila mtu na msimamo wake, sitamfundisha mtu dini kwenye makala ya baga. Shemeji yeye huagiza Grilled Cheese, ambayo nayo haipo ubaoni: mkate, jibini mbili zilizoyeyuka, nyanya, saladi na sosi, bila nyama. Huongeza vitunguu vya kahawia na pilipili. Niliionja yake, na naweza kusema hakupoteza mengi. "Shemeji," akaniambia, "usinimalizie."

Na yeye huyo, miaka yote hiyo anakunywa soda pale, hakuwahi kugeuza glasi yake chini juu. Nilimwonyesha mimi. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, pameandikwa Yohana 3:16, bila aya yenyewe, ni namba tu. Karatasi za baga na glasi za milksheki nazo zina namba zake. Familia ya Snyder ni watu wa kanisa na hawalifichi. Shemeji aliitazama glasi, akanitazama mimi, akasema anaongeza soda. Kuongeza ni bure ukikaa ndani.

Bei iliyoko ubaoni siyo utakayolipa, maana kodi inaongezwa mwishoni, na Los Angeles ni karibu asilimia 10. Nilipokwenda mimi Double-Double ilikuwa kama dola 6 kabla ya kodi, na kwa mji ule hiyo ni bei ya huruma. Bakshishi hakuna aliyenidai. Ukubwa nao usikutie tamaa: unaweza kuagiza 3x3 au 4x4, yaani idadi ya nyama na idadi ya jibini, na hapo ndipo wanapokomea. Zamani hawakuwa na kikomo, mpaka mwaka 2004 kundi la marafiki huko Las Vegas lilipoagiza nyama 100 na jibini 100 ndani ya mkate mmoja. Mimi Double-Double moja inanitosha mpaka kesho yake.

Kama una nafasi ya kwenda tawi moja tu, nenda lile la barabara ya Sepulveda, jirani na uwanja wa ndege wa LAX. Wengi hudhani tawi la kwenda kuliona ni la Baldwin Park, pale walipoanzia. Nami nilidhani hivyo, nikaenda na njaa yangu, nikakuta mfano wa kile kibanda cha 1948 uliojengwa vizuri sana na usiouza chakula. Ni wa kutazama. La Sepulveda liko chini kabisa ya njia ya ndege zinazotua, na ng'ambo ya barabara kuna kiwanja cha majani ambako watu hukaa na baga zao wakitazama matumbo ya ndege.

Ndipo tulipoagania. Sanduku lilikuwa ndani ya gari, saa tatu zimebaki, mdogo wangu akajitia kuniagizia. Nikamwambia akae. Nikaenda kaunta mwenyewe: Double-Double, Animal Style, pilipili ndani, chipsi "well done". Kijana akaniuliza kama natoka hapa. Tukavuka barabara na visanduku vyetu, tukakaa kwenye majani. Ndege kubwa ikapita juu yetu kwa kishindo, mdogo wangu akawa anasema kitu sikukisikia. Nilimwona tu akinyoosha kidole kwenye kanga yangu, ambako sosi ilikuwa imeshafika kabla yangu. Chukueni tishu nyingi.