Bomba la hewa baridi la kutengeneza mwenyewe, kwa gari linalokula vumbi la Dodoma

Ukiuliza mtaani namna ya kuipa injini hewa ya baridi, utaambiwa ung'oe boksi la filta ufunge filta ya koni iliyo wazi. Kwa Dodoma ushauri huo ni mbovu. Koni iliyokaa wazi ndani ya boneti inavuta hewa iliyokwishapashwa na rejeta na eksozi, hivyo unachoongeza ni mlio tu. Tena koni nyingi za bei rahisi hupitisha vumbi laini, na hilo likifika ndani linasaga silinda na ringi. Zile za kupakwa mafuta, yakizidi, huchafua waya wa sensa ya hewa na kompyuta ikaanza kukosea kipimo cha petroli.

Acha boksi na filta ya karatasi kama vilivyo. Kazi yako iishie kabla ya filta: kuufikishia mdomo wa boksi hewa ya nje.

Kwanza angalia kama kuna tatizo lenyewe. Gari nyingi zilitoka kiwandani na bomba la plastiki linalovuta hewa mbele, juu ya rejeta au pembeni nyuma ya taa. Gari lililowahi kugongwa mbele mara nyingi hurudishwa barabarani bila kipande hicho, maana linawaka tu. Ukikipata kwa wauza spea za mtumba, nunua, funga, habari imeisha. Kama huna uhakika, chomeka kifaa cha OBD2 (cha kusoma kompyuta ya gari) kinachosoma kwenye simu, endesha kilomita 80 kwa saa kwa dakika kumi, usome joto la hewa inayoingia. Likizidi la nje kwa nyuzi 5 au pungufu, usihangaike. Likizidi kwa 15 au 20, endelea.

Mahitaji ni machache: bomba la PVC la maji taka la inchi 3, urefu wa mita moja, elbo mbili za nyuzi 45, klipu za hozi nne, kipande cha tyubu chakavu, na wavu wa waya wenye matundu ya nusu sentimita. Usitumie elbo ya nyuzi 90 kama kuna namna nyingine, inakaba hewa. Inchi 3 inatosha kabisa injini ya lita 1.3 au 1.5. Mdomo wa boksi ukiwa mdogo zaidi, usiupanue.

Pima njia kwa waya mnene kwanza, kisha ukate bomba kwa msumeno wa chuma na kusugua kingo kwa msasa. Mdomo wa mbele ukae nyuma ya grili, juu ya usawa wa bampa, pembeni ya rejeta na si nyuma yake. Pitisha bomba mbali na manifodi ya eksozi, walau sentimita 15; PVC huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 75 hivi, na ikijikunja injini inakosa pumzi. Lifunge kwenye bodi, ila lisigusane moja kwa moja na boksi. Acha pengo la sentimita 5 na uliunganishe kwa tyubu, kila upande klipu moja. Injini hutikisika kwenye maunti zake, na bomba gumu lililobanwa pande zote mbili hupasua boksi. Mwisho toboa tundu la milimita 5 sehemu ya chini kabisa ya bomba, maji yapate pa kutokea.

Wavu ni wa kuzuia majani, panzi na mifuko. Usiweke neti ya mbu, inaziba kwa vumbi upesi.

Tyubu hii isitumike kamwe baada ya filta. Huko hewa ikivuja, vumbi huingia bila kuchujwa, silensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) hupanda na kushuka, na taa ya injini ikawaka kwa kodi P0171, yaani hewa imezidi petroli. Ili kujua filta inashika, futa ndani ya bomba lililo baada yake kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi, filta haijakaa vizuri.

Faida? Hewa ikipoa kwa nyuzi 10 inaongezeka uzito kwa asilimia 3 hivi, na nguvu karibu kiasi hichohicho. Dodoma, kwenye mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, tayari ina hewa nyepesi kuliko Dar kwa karibu sehemu moja ya kumi. Bomba halirudishi nguvu yote inayopotea hivyo. Utaisikia tofauti ukipanda mlima na AC imewashwa, joto la Oktoba na Novemba. Petroli hutaokoa: hewa ikiongezeka, kompyuta inaongeza mafuta.

Ukipita mara kwa mara njia za vumbi za Bahi au Chamwino, fungua filta kila mwezi. Ipulize kutoka ndani kwenda nje, upepo mdogo. Wa nguvu unatoboa karatasi. Usiioshe kwa petroli.

Masika korongo likijaa, maji yakifika kwenye bampa usivuke. Injini ikizima majini, usipige starti hata mara moja. Maji hayagandamiziki, na yakiwa ndani ya silinda yanapinda konrodi, mkono unaoshika pistoni. Livute gari nje, toa plagi zote, ndipo uizungushe injini iyateme.