Jibu: Wachezaji soka wa U-17 (chini ya miaka 17) wana pasipoti, kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili) ya nini tena?

Mkuu, pasipoti inafuata cheti cha kuzaliwa, na cheti mtu anaweza kukichukua ukubwani na kutaja mwaka anaoutaka. MRI inaangalia mfupa wa kifundo cha mkono. Kijana anayekua bado ana mstari wa gegedu pale. Ukishaziba kabisa, U-17 huchezi. Haikwambii umezaliwa lini, na kwa U-20 haina maana, wengi mifupa imeshaunga.

Serengeti Boys, timu ya taifa ya Tanzania ya U-17, kipimo hiki kilituokoa. Kongo Brazzaville walitutoa kwa bao la ugenini kufuzu AFCON ya U-17 ya 2017, wakashindwa kumpeleka mchezaji wao mmoja kupimwa, CAF, shirikisho la soka Afrika, ikawaengua. Fainali za Gabon tukaenda sisi, na Angola tukawapiga 2-1.