Lita kwa maili: ushauri kwa mnaoanza kazi kwenye yoti za dizeli

Kijana akianza kazi kwenye yoti pale Msasani, Dar es Salaam, swali atakaloulizwa kuliko yote ni hili: "Hiyo inakula lita ngapi kwa saa?" Miaka miwili ya mwanzo nami nililijibu hivyohivyo, nikataja namba nikaona nimemaliza. Lakini lita kwa saa haikuambii kama utafika Unguja, wala kama utarudi. Chombo kinachokula lita 10 kwa saa na kinachokula lita 30 kwa saa vinaweza kwenda mahali pamoja, na tofauti yao ya muda isifike hata saa moja na nusu. Shika hesabu ya lita kwa maili. Gawa lita unazochoma kwa saa kwa noti unazokwenda, basi. Maili ninayoisema ni ya baharini, mita 1,852, na noti moja ni maili moja ya aina hiyo kwa saa.

Nitatoa mfano wa chombo ninachokifahamu. Ni yoti ya mita 13, injini mbili za dizeli, bodi lake ni la kukata maji, halitelezi juu yake. Kwa noti 6.5 injini zote mbili kwa pamoja zinachoma lita 10 kwa saa. Kwa noti 7.5, lita 17. Kwa noti 8.4, lita 30. Sasa piga hesabu ya kutoka Dar kwenda mjini Unguja, tuseme maili 40. Kwa noti 6.5 utatumia saa sita na dakika kumi hivi, na lita 62. Kwa noti 8.4 utatumia saa nne na dakika arobaini na tano hivi, na lita 143. Umeongeza lita 81 ili uwahi kwa saa moja na dakika ishirini na kidogo. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, basi chukua bei ya dizeli ya mwezi huu, zidisha kwa 81, kisha mwulize mwenye chombo kama saa hiyo moja anainunua kwa bei hiyo. Wakati mwingine atasema ndiyo, na ni haki yake. Ila ajue anachonunua.

Kwa nini iwe hivyo? Bodi la namna hii, ukitaka liende kasi mara mbili, linadai nguvu kama mara nane. Halafu kuna ukuta. Kila chombo kinapokwenda kinainua wimbi omoni, yaani mbele, na jingine tezini, yaani nyuma, na kadiri unavyoongeza kasi mawimbi hayo yanaachana, mpaka inafika pahali chombo kimekaa katikati ya wimbi lake lenyewe, tezi imezama kidogo, omo imeinuka, kinapanda mlima ambao hakiumalizi. Kasi hiyo unaweza kuikadiria. Chukua urefu wa bodi kwenye mstari wa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 2.43. Chombo chetu kina mita 12 majini, na jibu ni noti 8.4. Ukifika hapo kila tone la dizeli unaloongeza linakwenda kutengeneza wimbi. Simama tezini utazame nyuma. Kwa noti 6.5 maji yanafunga taratibu nyuma yako kama kitambaa kinachokunjwa. Kwa noti 8.4 kuna shimo, na baada ya shimo kilima cheupe. Kilima kile umekilipia.

Mlio kwenye boti za kasi, zile zinazoinuka na kuteleza juu ya maji, kwenu mambo ni tofauti kidogo. Pahali pabaya ni pale katikati, chombo kimeshaacha mwendo wa pole na bado hakijalala juu ya maji. Msikae hapo. Nendeni pole kabisa, au ongezeni moto wa injini mpaka mvuke hapo, kisha mupunguze kidogo mara tu chombo kinapolala.

Nije kwenye lililonifanya niandike haya. Mwaka wangu wa tatu kazini tulikuwa tunapeleka wageni Unguja kila wiki, na ilikuwa mwezi wa Julai. Kwenda tulichoma lita 64. Kurudi, lita 97. Wiki iliyofuata hali ikawa ileile. Mwenye chombo akakaa kimya siku mbili, kisha akamwita nahodha wetu, mtu mzima mwenye mvi, akamwuliza mbele yetu sisi vijana, "Mzee, lita 33 zimeuzwa wapi?" Mnajua jinsi bandarini mtu anavyotajwa kwa wizi wa mafuta. Yule mzee hakuuza hata kikombe. Nilikuwa naye safari zote mbili. Lakini hakuwa na kitu cha kuonyesha, na akaondoka kazini kabla mwezi haujaisha. Lile lilinichoma, na bado linanichoma.

Jibu lilikuwa baharini muda wote ule. Unguja iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka Dar, na mkondo wa pwani yetu unapanda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, upepo unaupinga nao unapungua nguvu. Wakati wa kusi, kama Julai ile, unasukumwa, unakuwa mkali. Sasa fanya hesabu. Chombo kinakwenda noti 7 ndani ya maji, kinachoma lita 13 kwa saa. Mkondo wa noti 1 tu ukikusukuma unakwenda noti 8 juu ya ardhi, na maili 39 unazimaliza kwa saa tano kasoro kidogo, lita 63. Kurudi mkondo uleule uko usoni, unakwenda noti 6, saa sita na nusu, lita 84. Hapo tayari lita 21 zimepata maelezo, na bado hujahesabu upepo wa kusi kwenye paji la uso na mawimbi yanayoipiga omo kutwa nzima. Yule mzee alikuwa mkweli, tena alikuwa ameendesha vizuri. Kilichokosekana ni daftari.

Kwa hiyo, wewe mdogo wangu unayeanza, hata kama umetoka chuo cha bahari na vyeti vyako vyote, kazi yako ya kwanza ni kuandika. Saa ya kung'oa nanga, saa ya kufika, mizunguko ya injini, kasi ndani ya maji kama una kipimo chake, kasi ya GPS, upepo unatoka wapi, maji yanajaa au yanapwa, bamvua (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo), na kijiti cha kupimia mafuta tangini kabla na baada. GPS inasoma mwendo wa juu ya ardhi tu, mkondo umeshaingizwa humo. Ukitaka kujua chombo chenyewe bila mkondo, pita mstari mmoja kwenda na kurudi kwa mizunguko ileile, chukua kasi mbili utafute wastani. Mimi hufanya hivyo kati ya visiwa vya Bongoyo na Mbudya siku ya maji mafu, mapema asubuhi kabla upepo haujaamka.

Kijiti nacho kina elimu yake. Usiamini alama ulizozikuta, na usigawe kijiti sawa kwa sawa kama rula. Tangi la yoti limefuata umbo la bodi, chini jembamba, juu pana. Sisi tulikausha tangi moja la lita 600, tukalisafisha, tukalijaza dumu kwa dumu, dumu la lita 20 tulilolipima kwanza kwenye pampu. Kila dumu likiisha tunashusha mti, tunatia alama kwa kisu. Dumu la kwanza lilipanda vidole vinne. Kufika la kumi na tano, kila dumu lilipanda kidole kimoja na nusu. Kazi ya asubuhi nzima, mikono inanuka dizeli mpaka kesho yake, na tangu siku ile hakuna aliyebishana nasi kuhusu mafuta. Pima chombo kikiwa kimetulia, wageni hawajapanda, na kila mara mahali palepale.

Hapa kuna kosa ambalo wageni wengi wa dizeli hulifanya. Injini ya dizeli huvuta mafuta mengi kuliko inayoyachoma, na yanayobaki yanarudi tangini kwa mpira wa ritani. Ukifunga mita kwenye mpira wa kwenda peke yake utapata namba ya kutisha. Lazima upime yanayokwenda na yanayorudi, utoe. Na ritani inarudi wapi? Nilikuwa zamu siku moja tukitoka Fungu Yasini, tumefungua tangi la kushoto kwa injini zote mbili, ritani zote tumeziacha kulia, na kulia kulikuwa kumejaa. Nilisikia harufu kwanza. Nikatazama ubavuni nikaona dizeli inatoka kwenye tundu la kupumulia la tangi, inatambaa chini ya bodi, na nyuma yetu bahari imepakwa rangi za upinde wa mvua mpaka kule mbali. Kufungua vali mbili kungechukua sekunde kumi tu. Bahari ile watu wanavua humo na watoto wanaogelea humo. Kabla hujawasha injini, fuata kila mpira kwa mkono wako, kutoka tangini mpaka injini na kurudi.

Msemo wa "polepole ndiyo uchumi" nao una mipaka. Jenereta yetu inakula lita 3 kwa saa, iwe tunakwenda au tumesimama. Tukiwa tunashuka kuelekea Mafia wakati wa kusi, mkondo wa noti 2 uko usoni, noti 4 za majini zinakuwa noti 2 za ardhini, na ukijumlisha jenereta unatumia lita 3 kwa kila maili. Kwa noti 5.5 zinashuka kuwa lita 2.7. Kwa noti 6.5 zinapanda tena, lita 2.9. Mkondo ukiwa usoni ongeza moto kidogo, ukiwa mgongoni punguza. Au subiri. Mara nyingi saa tatu za kusubiri maji yageuke, au kuondoka saa 10 alfajiri upepo ukiwa bado umelala, kunaokoa kuliko ujanja wowote wa injini.

Bodi chafu linakula mafuta kimyakimya. Maji yetu ni ya moto, na chombo kilichokaa wiki chache kwenye nanga kinaota utando laini, kisha magamba magumu yanayochana vidole. Wazee wa majahazi walikuwa wanakitoa chombo pwani, wanakisugua, wanakipaka deheni, na hawakuwa na dizeli ya kuokoa, walikuwa wanaokoa mwendo. Propela ndiyo ya kwanza kusafishwa, ni ndogo na faida yake inaonekana siku hiyohiyo. Nina kipimo changu. Mara moja kwa mwezi, chombo kikiwa na mzigo wa kawaida, nafungua moto wote kwa dakika mbili tatu. Injini isipofika mizunguko iliyoandikwa na mtengenezaji, kuna kitu: bodi chafu, propela kubwa mno, au filta imeziba. Moshi mweusi wakati huo unasema injini imebebeshwa kuliko hewa inayoipata. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Mweupe usiokwisha hata injini ikiwa ya moto, mwite fundi aangalie nozo zinazopulizia mafuta ndani ya injini, na kama si nozo aangalie maji yanayoingia pasipotakiwa.

Na usiifanye injini ya dizeli itambae siku nzima bila kuipa kazi. Haipati joto lake, inajaza masizi. Baada ya saa nyingi za mwendo wa pole, ipe robo saa ya mwendo wa nguvu kabla ya kuingia bandarini. Wanaozima injini moja ili kuokoa wanaokoa kidogo, kweli, lakini soma kwanza kitabu cha gia. Gia nyingine hazipati oili wakati propela inazungushwa na maji injini ikiwa imezimwa, na gia mpya ni dizeli ya miaka.

Akiba usiihesabu kwa tangi lililojaa. Chini kabisa kuna maji na uchafu, na siku ya mawimbi vinakorogeka vikaziba filta wakati unazihitaji injini zaidi. Kila asubuhi fungua kifuniko cha chini cha chujio linalotenga maji na dizeli, kinga kwenye chupa nyeupe, inyanyue kwenye mwanga. Maji yatakaa chini, utaona mstari. Kwenye lita zetu 1,200 mimi natoa moja ya kumi kwanza, zinabaki 1,080, kisha nagawa mafungu matatu: 360 za kwenda, 360 za kurudi, 360 sizigusi. Zile za kwenda, jenereta ikiwa imezimwa, zinanipeleka maili 230 kwa noti 6.5, na maili 100 tu kwa noti 8.4. Na siku ya kusi, fungu la kurudi ndilo nalitoa kwanza kwenye hesabu, halafu ndipo namwambia mwenye chombo tunaweza kufika wapi.