Bromini ya Sifongo Iliyoniangusha

Jana usiku binti mmoja wa chuo anayechunguza sifongo, wanyama wa baharini wanaojishikiza mwambani, aliniandikia: "Dada, sifongo zangu zina kemikali ya bromini tele. Niandike kwamba bahari ya Mombasa imechafuliwa?" Nilimjibu kwa sauti, maana vidole vilinitetemeka.

Kosa hilohilo ndilo lililoniangusha mimi. Nilitoka na mvuvi wa Bamburi wakati wa bamvua, kibali mkononi, tukashuka mwambani maji yalipokupwa nikakata vipande vitano vya sifongo. Miezi ya maabara naiacha. Mashine ikatoa jina: etheri za difenili zenye bromini, jamii ya dawa zinazotiwa kwenye makochi na televisheni zisishike moto upesi. Nililia kwa furaha. Nikajaza kurasa arubaini za tasnifu kuyalaumu majaa na viwanda vya mji wetu.

Mbele ya jopo, mtahini akauliza jambo moja tu: "Haidroksili imekaa wapi?" Yaani kile kijozi cha oksijeni na haidrojeni kilichoning'inia kwenye molekuli. Sikujua. Ilikuwa imekaa ubavuni mwa oksijeni inayounganisha pete mbili za kaboni, dalili kubwa ya kiambata kilichoundwa na kiumbe hai. Katika sifongo aina ya Lamellodysidea, muundaji ni sianobakteria, yaani bakteria anayejitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, anayeishi ndani yake, Hormoscilla spongeliae. Jeni za kazi hiyo zilitambuliwa mwaka 2017. Wala hakosi malighafi: kila lita ya maji ya bahari ina bromaidi, yaani bromini iliyoyeyuka, ipatayo miligramu 65. Mtahini alicheka, wenzangu wakacheka. Miaka sita sasa, na kicheko kile bado kinaniuma.

Basi mdogo wangu, chora molekuli kwa mkono wako kabla hujaandika neno uchafuzi. Mashine hukupa jina linalokaribia tu, usiliamini hivihivi. Ukibaki na shaka, kuna kipimo cha kaboni-14, kaboni yenye mnururisho inayopotea polepole kwa maelfu ya miaka: dawa za viwandani hutokana na mafuta ya kale yachimbwayo ardhini, ambayo hayana kaboni hiyo, lakini viambata vya viumbe hai vinayo. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliyapima hivyo mafuta ya nyangumi, wakaonyesha kwamba viambata viwili vya jamii hii vilitoka baharini kwenyewe, si kiwandani. Na molekuli uichore, narudia. Hata kiwanda kina haki ya kutosingiziwa, na anayeipenda bahari hana budi kuisema kweli.

Vipande vyangu viwili bado ninavyo kwenye friza. Nitumie mchoro wako kabla ya Ijumaa, tuulinganishe na wangu.