Maggie Tulliver: usianze na mafuriko

Wadogo zangu wanaosoma fasihi chuoni huwa wananiletea insha zao nizipitie, na ikiwa ni ile riwaya ya George Eliot ya 1860, The Mill on the Floss, najua kabla sijafungua faili ntakutana na nini: Maggie, mhusika mkuu, alionewa, mfumo dume ukamkandamiza, mwisho akafa maji. Sawa, si uongo. Ila swali la insha linataka Maggie asomwe kwa ufeministi wa kidhanaishi jamani, yaani kumwangalia mwanamke kama mtu anayejijenga kwa chaguzi zake huku jamii ikimbana, sasa huo udhanaishi uko wapi?

Mi ninavyoisoma, natafuta pale ambapo Maggie ana njia mbili mbele yake na anachagua, hapo ndo nakaa. Mfano yupo mdogo, mama na mashangazi wanamlalamikia weusi wa ngozi na nywele zisizokaa, anachukua mkasi anazikata, uamuzi wake kabisa, halafu kaka yake Tom anacheka na ghafla anaanza kujiona kwa macho ya Tom. Simone de Beauvoir, mwanafalsafa Mfaransa wa ufeministi huu, aliposema mwaka 1949 kwamba mtu hazaliwi mwanamke bali anakuwa, ushahidi ni huo, pamoja na yule mwalimu anayemfundisha Tom Kilatini kisichomwingia kichwani, anayesema mbele ya Maggie kwamba wasichana ni wepesi ila akili zao hazina kina. Tena Beauvoir mwenyewe, kwenye kumbukumbu zake za 1958, anasimulia alivyomlilia huyu Maggie enzi za usichana wake.

Baba anafilisika kwa kesi, Maggie anaangukia kitabu cha dini cha Thomas à Kempis, mtawa wa zamani, na kuanza kujinyima kila kitu. Insha nyingi zinausifia huo moyo wa subira, mi siusifii. Rafiki yake Philip Wakem anamwambia wazi kwamba anajipumbaza, na Beauvoir ana sura nzima kuhusu wanawake wanaokimbilia kwa Mungu, kwahiyo usiipite hiyo sehemu haraka haraka.

Sasa njoo sehemu ya sita ya riwaya, kwenye mashua. Yuko na Stephen, mchumba wa binamu yake Lucy, mto unawachukua na yeye anaacha uwachukue, hapo hajachagua kitu, kateleza tu na maji. Kesho yake ndo anaamka kikwelikweli. Stephen anataka waoane, yeye anakataa, anarudi St Ogg's, mji wao, bila pete akijua kabisa watu watasema nini, na msimulizi anatwambia kwa kejeli kwamba angerudi akiwa mke wa Stephen mji ungemsamehe, tena ungemsifia. Tom anamfukuza nyumbani.

Je, kukataa kule ni uhuru, au ni ile tabia ya kujinyima imerudi kwa mlango mwingine? Chagua upande, usiniandikie "inategemea". Mi nasema ni uhuru, maana alijua gharama na hakumsukumia mtu mwingine lawama. Ukiona kinyume sina ugomvi, mradi unionyeshe ukurasa.

Mafuriko yenyewe siyapi uzito sana, na nikisema hivi kuna watu wananuna. Maggie anachukua mashua kumwokoa Tom, wanazama wamekumbatiana, na swali la jinsi mwanamke aliyechagua vile angeendelea kuishi mji ule linazama nao. Wakati mwandishi alikuwa analiishi hilo swali kila siku! Eliot, mwanamke ambaye jina lake halisi ni Mary Ann Evans, aliishi na George Henry Lewes, mume wa mtu, na kaka yake Isaac alipojua mwaka 1857 akakata mawasiliano. Riwaya ikatoka, Lewes akafa 1878, kaka kimya. Mei 1880 dada akafunga ndoa kanisani na John Cross, ndipo Isaac akaandika barua ya pongezi. Pete ileile ambayo St Ogg's waliitaka kwa Maggie, miaka 20 nyuma kitabuni.